Veronika Kobelo na Mmea wa Akilesi

Marehemu Veronika Kobelo alizaliwa tarehe 14 Machi 1956 huko Turiani, mtoto wa tatu wa mzee Pius Kobelo. Alimaliza shule ya msingi hukohuko mwaka 1970. Alikuwa mtoto wa maswali: kila kitu alitaka kujua kinaitwaje, na kwa nini.

Mwaka 1973 alipanda milimani Mgeta kufanya kazi katika bustani ya masista. Huko alikabidhiwa mmea mgeni wenye maua meupe na majani laini yaliyochanikachanika. Sista alimweleza jina lake la kitaalamu, Achillea millefolium. La kwanza linatokana na Akilesi, askari wa hadithi za kale za Wagiriki, aliyesemekana kuwatibu wenzake majeraha kwa mmea huo. La pili maana yake majani elfu. Veronika alilipenda jina hilo, akamsimulia kila aliyekuwa tayari kusikiliza, na hata asiyekuwa tayari.

Tarehe 8 Oktoba 1977 alifunga ndoa na Agustino, wakajenga Nyandira kwenye ardhi ya ukoo wa mama yake Agustino. Akaupanda mmea wake mlangoni. Hapo maneno yakaanza, kwa kuwa kwa Waluguru ardhi hufuata ukoo wa mama, na mgeni aliyekaribishwa hulima mboga tu, hapandi kitu cha kudumu, maana kukipanda ni kama kuidai ardhi. Mmea ule ulikatwa ukachipua, ukatambaa mpaka kwenye tuta la kabichi. Mzee Ezekiel, mdogo wake Agustino na mwangalizi wa mashamba ya ukoo, akahisi kuna namna.

"Shemeji, huyo Akilesi ni wa ukoo gani?"

"Hana ukoo, shemeji. Ni mtu wa hadithi tu."

"Mtu wa hadithi hapandwi mlangoni. Anatafuta nini kwetu?"

Agustino alipofariki mwaka 2011, mashaka yakazidi. Ikasemwa kwamba Veronika anawatafutia watoto wake ardhi isiyo ya ukoo wao. Jambo hilo lilimuumiza sana, maana alichotaka ni kimoja tu: azikwe kando ya mume wake. Kila alipoliomba, Ezekiel alijibu, "Tutaona."

Mwaka 2016 jembe lilimkata Ezekiel mguuni. Veronika alitwanga majani ya mmea wake, akamfunga kidonda, damu ikatulia, ndipo akapelekwa zahanati. Ezekiel alishukuru. Kisha akauliza ilikuwaje majani yakawa karibu vile.

Tangu Januari 2025 marehemu alisumbuliwa na moyo. Ezekiel alikuja kumjulia hali, ila chai hakuinywa mpaka Prisca, binti wa marehemu, alipoionja. Veronika alicheka mpaka akakohoa. Alifariki tarehe 3 Juni 2025, hospitalini Morogoro mjini.

Jana ukoo ulikwenda kwenye kaburi la Agustino kuamua kama azikwe hapo. Wakaukuta mmea ule umestawi kichwani pa kaburi. Wakanong'ona kwamba marehemu alikuwa amejitengea nafasi kwa siri. Kijana mmoja akainua jembe aung'oe.

"Uache," alisema Ezekiel. "Niliupanda mimi, mguu ulipopona."

"Babu, kitu cha kudumu? Huyo Akilesi si hana ukoo?"

"Ni wa kwetu. Na shemeji ni wa kwetu. Chimbeni."

Veronika ameacha watoto wawili, Prisca na Rogers, wajukuu watano, na shemeji yake Ezekiel, aliyekesha jana akimlilia. Mungu ampe pumziko la amani, kando ya Agustino wake.