Mwalimu Benedikta na Jumuiya Isiyo na Nyumba

Waheshimiwa mapadre, ndugu, majirani, na ninyi mliosimama nje ya turubai kando ya ukuta kwa sababu mmeambiwa viti vimekwisha, wakati viti kumi na viwili vya mbele havina mtu, Tumsifu Yesu Kristo. Historia hii inasomwa na Daniel Mhina, mtoto wa kwanza wa marehemu, ambaye pia ni katibu wa halmashauri ya parokia, na cheo hicho mkishike, maana kitarudi.

Mwalimu Benedikta Shekiondo Mhina alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 katika kambi ya wakata mkonge wilayani Muheza, mtoto wa nne wa baba aliyeteremka kutoka milima ya Usambara kutafuta kazi. Alipokuwa na miaka minane baba yake aliugua akashindwa kwenda shambani, familia ikatolewa chumbani, wakalala wiki tatu kwenye baraza ya kanisa la kambi mpaka baba alipopata nafuu akarudi kazini, na kila Jumapili waumini waliwaruka miguu wakiingia kusali. Jambo hilo hakulisahau mpaka anakufa.

Alisoma shule ya msingi hapo kambini kuanzia 1966 hadi 1972, sekondari hadi 1976, kisha ualimu Korogwe, akahitimu 1978. Alifundisha Kigombe, ambako watoto wa wavuvi walimwogopa kuliko baba zao na wakampenda hivyo hivyo, na mwaka 1991 akahamia Mabawa, alikostaafu Machi 2018. Tarehe 24 Julai 1982 alifunga ndoa na Kaspari Mhina, aliyetangulia mbele ya haki mwaka 2011, wakajaliwa watoto wawili, Daniel na Brightness.

Baada ya kustaafu, alibebewa mzigo mjini pale Usagara na kijana mmoja mchukuzi aitwaye Timotheo, akaona kijana anafanya ishara ya msalaba kabla ya kuunyanyua, akamuuliza anasali jumuiya gani, yaani na majirani wa nyumba zipi. Timotheo akacheka, akamjibu: "Shikamoo Mwalimu, mie jumuiya yangu boksi," yaani lile boksi analotandika barazani pa duka akalala. Mwalimu hakucheka. Wiki iliyofuata alirudi na ubao wake, akaanzisha darasa la uongozi kwa watu wanaolala nje, akawafundisha kuongoza sala, kuendesha kikao, kusuluhisha ugomvi, kutembelea wagonjwa, na kusema mbele za watu bila kutazama chini, kila juma kiongozi mwingine. Wakajiita Jumuiya ya Mtakatifu Lazaro. Sisi wa parokia tulipeleka viazi na nguo kuukuu, tukapiga picha, na yeye akatuambia hakuomba viazi, aliomba watu wake wapewe viti kwenye vikao vya parokia.

Mwaka 2022 aliomba jumuiya hiyo iandikishwe. Fomu yetu ina mstari wa jina la mwenye nyumba, naye aliuacha wazi, halmashauri ikamrudishia fomu kwa barua ya tarehe 9 Aprili yenye maneno haya: "Jumuiya hufuata nyumba, wasio na nyumba hawana jumuiya." Barua hiyo iliandikwa na kusainiwa na katibu Daniel Mhina, mwanawe wa kumzaa, aliyelala nyumba moja naye usiku ule na asubuhi akanywa chai yake.

Mwezi Juni 2023 Timotheo, ambaye wakati huo alikuwa mwenyekiti wao, alifariki kwa kifua kikuu. Padre hakufika, kwa kuwa marehemu hakuwa na barua ya jumuiya iliyoandikishwa. Walimzika wenyewe, watu kumi na wawili, sala zikiongozwa na dada Loveness, mmoja wa wanafunzi wa darasa lile, na Mwalimu alipotoka makaburini alikwenda moja kwa moja kurudisha kadi yake ya jumuiya ya Mabawa, akasema kuanzia leo yeye ni wa Lazaro.

Marehemu alianza kusumbuliwa na figo mwezi Septemba 2024, akalazwa mara tatu, akafariki tarehe 3 Februari 2025. Aliacha karatasi moja: "Nibebwe na jumuiya yangu. Kama wao hawana jumuiya, na mimi sina." Hata hivyo ratiba mliyoshika mikononi ina mapadre watatu na jumuiya ya Mabawa, kwa sababu mama wa katibu haulizwi barua. Timotheo aliulizwa. Hiyo ni aibu, na Daniel anaisema kama yake.

Kwa hiyo familia imeamua kwamba dada Loveness, mwenyekiti wa Lazaro, aingie sasa na watu wake, wakae kwenye viti vile kumi na viwili, na wao ndio watakaonyanyua jeneza. Anayeona hakuna jumuiya kama hiyo asimame aseme hapa, mbele ya jeneza, kisha amzike Mwalimu kama alivyozikwa Timotheo, bila padre.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Mabawa waliokesha nasi, walimu wenzake, na zaidi ya wote Lazaro, waliomfulia nguo na kumsomea Injili kila siku wodini wakati sisi tuna vikao.

Ingieni, wenye msiba. Mama, pumzika kwa amani ambayo sisi hatukukupa.