Bomba Bila Kugusa Maji

Mheshimiwa Meya Dhungana. Mhandisi Mkuu wa Idara ya Maji. Mgeni wetu rasmi, Mwalimu Bhattarai. Ndugu wageni waalikwa. Nanyi wenzangu mliokaa nyuma karibu na mlango, mahali petu pa siku zote: Namaste.

Nashukuru kwa shada hili la maua la kuniaga kazini. Mheshimiwa Meya amenivisha kwa ustadi mkubwa, vidole vyake havikugusa hata unywele wangu. Nashukuru pia kwa habari njema aliyotupa, kwamba ubaguzi wa matabaka uliisha nchini Nepal siku sheria ilipopitishwa. Nilikuwa sijapata taarifa. Huku milimani kwetu barabara ni mbaya, pengine sheria ilipata pancha njiani.

Wapo pia wanaosema ubaguzi ni ugonjwa wa wasiosoma. Je, ni kweli? Mwalimu Bhattarai ana shahada mbili, na makala yake kuhusu usawa wa binadamu yamesomwa na mji mzima. Mwaka wangu wa tatu kazini, wiki ya sikukuu ya Dashain, bomba la nyumbani kwake liliziba. Akapiga simu aletewe fundi. Nikatumwa mimi na spana yangu, Dilmaya Bishwakarma, binti wa wafua vyuma, tabaka ambalo likigusa maji huhesabiwa limeyanajisi.

Alinipokea kwa upole, sitamsingizia. Aliniita mdogo wangu. "Mdogo wangu," akasema, "mimi binafsi sina tatizo na mtu. Ni majirani tu. Naomba ulitengeneze bomba bila kugusa maji."

Ndugu zangu, nilisomea ufundi huu miaka miwili, na somo hilo halikufundishwa. Nikamuuliza kama ameshakunywa chai asubuhi ile. Akasema vikombe viwili. Basi nikamweleza kwamba tangi kubwa la kule kilimani, linalonywesha mji wote, husuguliwa kila mwezi; kwamba anayeingia mle ndani, miguu mitupu, na brashi mkononi, ni mimi; na kwamba mara ya mwisho niliingia juzi.

Mwalimu akaanza kuhesabu kwa vidole vikombe alivyokunywa tangu juzi.

Mkewe, Mama Sabitri, alikuwa mlangoni na mtungi wa shaba. Kila nilipotengeneza bomba mtaani kwao, yeye ndiye aliyetumwa kuteka maji kwenye chemchemi ya bondeni, mpaka ya bombani yahesabiwe kuwa yametakata. Akamtazama mumewe, akamwambia polepole, "Miaka mitatu nimepanda kutoka bondeni na mtungi kiunoni. Kumbe siku zote tulikuwa tunakunywa maji aliyokanyaga Dilmaya?"

Nilipomaliza kazi akaukinga mtungi bombani, akanimiminia mimi kwanza, kisha akanywa yeye. Mwalimu naye alikunywa, siku ya nne. Wiki hiyohiyo makala yake juu ya usawa yakatoka, na yalikuwa mazuri sana.

Mimi nilirudi ofisini nikajifungia stoo nikalia. Mwalimu hakunitukana wala hakunichukia. Huo ndio uongo mtamu kuliko yote, kwamba asiyekuchukia hakubagui. Angenitukana ningejua pa kumshika. Nimekaa miaka ishirini na sita katika mji ambao hakuna hata mmoja mwenye tatizo nami. Wenye tatizo ni majirani zenu, na hao majirani sijawahi kukutana nao.

Lakini leo ni siku ya kuaga, nisiwachoshe. Fundi anayeshika nafasi yangu ni Sarita. Simama, mwanangu, wakuone. Ana cheti, alikuwa wa kwanza darasani kwake, mshahara wake ni wa serikali, hapigi muziki. Wiki tatu sasa analala kwenye benchi la ofisi kwa sababu anatafuta chumba. Amebisha hodi nyumba kumi na moja, na kote amekaribishwa vizuri, mpaka anapoulizwa ukoo. Hapo chumba hujaa ghafla. Naona wenye nyumba saba kati ya hizo mmekaa hapa mbele.

Nami nimeona niwapunguzie kazi ya kuuliza. Jina lake kamili ni Sarita Pariyar, wa ukoo wa washona nguo, tabaka la chini kama langu. Limeshatajwa kwenye kipaza sauti. Mwenye chumba amfuate pale alipo, waongee kodi.

Nawashukuru wote kwa kunivumilia hadi mwisho.