Neno Ambalo Fundi Pazia Hakutaka Kuliandika

Benchi la kijiwe hiki ni mlango wa zamani uliolazwa juu ya matofali, mbele ya duka la Fundi Pazia. Kitasa chake bado kipo, kinamchoma kila anayekaa upande wa kushoto, ndiyo maana upande huo huachiwa wageni. Siku hiyo saa nane mchana walikuwepo wanne: Fundi Pazia mwenyewe, mshona mapazia; Profesa, mshona viatu ambaye hajawahi kusema "sijui" tangu azaliwe; Waya, fundi umeme, mwenye pikipiki ambayo taa yake ya nyuma inashikiliwa na selotepu; na Mama Chupa, muuza kahawa. Gari dogo la Fundi lilikuwa pembeni, mlango wa nyuma umebonyea hata haufunguki, na vyuma vya kutundikia mapazia, vya mita tatu, havina pengine pa kupita. Dukani mapazia ya wodi ya wazazi yalikuwa yameshonwa na kupigwa pasi, wiki nzima yanasubiri usafiri. Fundi alikuwa ameshika fomu ya bima. Mwisho wa kuipokea ni saa kumi jioni hiyohiyo, na alishaapa kwamba ataipeleka.

— Ukiipeleka umekwisha, alisema Profesa. Bima itapanda.

— Itapandaje na kosa si langu?

— Wale hawaangalii kosa, wanaangalia jina. Ukidai mara moja tu, jina lako linahamishiwa daftari la wasumbufu.

— Daftari gani? Umeliona?

— Halionekani. Ndiyo maana ni la hatari.

— Binamu yangu alidai kioo, Waya akadakia. Kioo cha pembeni tu! Bima yake ikapanda, ya mkewe ikapanda, hata mama mkwe wake asiye na gari akapigiwa simu.

— Akaambiwa nini?

— Akaambiwa ajihadhari.

Profesa hakutaka kupitwa.

— Kompyuta zao zinapigiana umbea. Ukihama kampuni, unakuta habari zako zimeshafika. Mjukuu wako akija kununua gari ataulizwa, wewe si wa yule mzee wa mlango?

— Tena wanatuma mtu aje kijiweni kukuchunguza unavyokunywa kahawa, alisema Waya. Mkono ukitetemeka tu, bei juu.

Fundi akahamishia kikombe mkono mwingine. Alikuwa amewachoka, lakini kusema kweli walikuwa wamemtia hofu. Bima ikipanda gari litabaki hapo hapo kama banda la kuku, na kazi za mahospitali atazisikia redioni.

Halafu kulikuwa na lile jambo jingine, ambalo hakumwambia mtu. Siku ya ajali alifika kijiweni na uchungu wake, akasema, "Jamani, nimegongwa kwa nyuma!" Waya alicheka mpaka akadondoka benchini. Profesa alicheka akatoboa kiatu cha mteja. Siku tatu nzima, hata akienda kununua uzi, mtu anamuuliza kwa sauti ya huruma, "Pole, Fundi, bado panauma?" Mtu mzima, mwenye wajukuu wawili! Fundi aliapa kwamba neno hilo halitatoka tena kinywani mwake wala kwenye kalamu yake.

Hapo akatokea dada mmoja mwenye sare ya uuguzi, akaketi upande wa kushoto, akaruka, akaketi tena.

— Shikamoo, Fundi. Nimetumwa na wodi. Akina mama wanabadili nguo nyuma ya shuka ninayoishika mimi kwa mikono. Mapazia vipi?

— Marahaba, mwanangu. Yako tayari. Tatizo mlango.

Wakamweleza wote kwa mpigo: daftari, mama mkwe, umbea wa kompyuta. Muuguzi akasikiliza mpaka mwisho.

— Kwani hapa, nani mwenyewe ameshawahi kudai bila kosa akaongezewa bei? Mwenyewe, si binamu.

Profesa akaanza kukagua soli ya kiatu.

— Na nani amewauliza wenye bima?

Waya naye akatazama soli ileile. Mama Chupa akaguna, akafunga chupa yake.

Muuguzi akaichukua fomu, akaonyesha namba ya simu chini yake. Fundi akapiga, kwa spika, maana simu yake ilishakufa sikio.

— Karibu, mzee wangu, nikusaidie nini?

— Nikidai na sina kosa, bei inapanda?

— Inategemea mkataba. Nipe namba yako... Haya, nimekuona. Ilikuwaje? Uligonga au uligongwa?

Waya aliziba mdomo kwa mikono miwili. Mabega ya Profesa yakaanza kucheza.

— Tu... tuligongana, alisema Fundi.

— Mkigongana maana yake kosa mmegawana, baba. Hapo inaweza kupanda. Kumbuka vizuri.

Fundi akaitazama fomu mapajani mwa muuguzi. Kwenye maelezo ya ajali, kwa mwandiko wake mzuri, palisomeka: "Tuligongana." Akatazama mapazia dukani. Aliona aibu, safari hii si ya kuchekwa bali ya kuwaacha akina mama wale wakivua nguo mbele za watu kwa sababu ya neno moja. Akasimama.

— Niligongwa.

— Mtandao mbovu, sijakusikia.

— NILIGONGWA! Kwa nyuma! Nimesimama taa nyekundu, mguu kwenye breki! Na polisi wameandika hivyo!

Barabara nzima iligeuka. Kahawa ilimtoka Waya puani. Lakini sauti ya simuni haikucheka hata kidogo.

— Basi kwa mkataba wako, asiye na kosa haongezewi kitu. Ila fomu isomeke hivyohivyo ulivyosema. Nakusubiri kabla ya saa kumi.

Fundi akaiegemeza karatasi ukutani, akafuta "tuligongana" kwa mstari mmoja, akaandika lile neno kwa herufi kubwa na kutia sahihi pembeni. Hakumtazama mtu. Akaingia garini.

Alipowasha injini, Waya alikuwa amesimama dirishani, anajifuta pua. Hakuwa anacheka tena.

— Fundi, ile pikipiki yangu, ile taa ya nyuma.

— Ile uliyosema iliangushwa na upepo?

Waya akageuka kuhakikisha Profesa hasikii.

— Hakukuwa na upepo. Hizo fomu zinachukuliwa dirisha gani?

Fundi akamfungulia mlango wa mbele.

— Panda, alisema.