Daktari Asiye na Daktari

Nawasalimu nyote, nikianza na mama mchungaji aliyenisukuma mpaka hapa mbele. Wengi wenu mnanijua. Baadhi yenu niliwapasua, kwa hivyo nawajua hata mahali ambapo hamjijui wenyewe. Chekeni sasa, maana mbele kidogo hakuna cha kuchekesha.

Nilikuwa daktari wa upasuaji katika hospitali moja huku Meru. Mkono wangu wa kulia ukaanza kutetemeka, kidogo tu, nikiwa nimekaa. Nikamwambia daktari mwenzangu tulipokutana kwenye korido. Akacheka. "Ni uchovu huo, daktari. Meza hizi ulale." Akanipa tembe kutoka mfukoni, akaenda zake. Ndugu zangu, nawaambia, ndivyo sisi madaktari tunavyotibiana: tumesimama, bila faili, bila hata kuvua koti. Mzee akitoka Muthara na kikohozi tunampima mpaka kucha. Sisi wenyewe hatupimani.

Nikameza tembe. Mtetemo ukazidi. Nikaomba ushauri kwa mwingine, kwenye korido ileile, naye akanibadilishia tembe.

Siku moja tulikuwa tunamzalisha mama kwa upasuaji. Mtoto alishatoka salama, nami nilikuwa nashona. Nesi niliyefanya kazi naye miaka mingi akanishika mkono, akauzuia. Akaita daktari mwingine amalizie. Tulipotoka thieta akaniambia, "Daktari, hii nitaisema kwa wakubwa. Unichukie tu."

Na kweli nilimchukia.

Bodi inayotupa leseni ikaagiza nipimwe afya kabla sijagusa mgonjwa mwingine. Nilienda Nairobi nimevaa suti yangu nzuri, nikidhani nitaulizwa mambo ya kazi. Aliyenipima alikuwa daktari wa kike, umri wa binti yangu. Akaniambia nifungue vifungo vya shati, kisha nivifunge tena. Vifungo, ndugu zangu. Mikono iliyokuwa ikifunga mishipa ya damu ilihangaika na kifungo cha shati mpaka jasho likanitoka. Yule binti hakuniharakisha. Aliponiona nimeshindwa akauliza polepole, "Daktari wako ni nani?"

Nikamtaja yule wa kwanza wa korido.

"Alikupima lini?"

Hapo nililia, mtu mzima, shati wazi, mbele ya mtoto wa watu.

Ni ugonjwa wa neva, na hauponi. Bodi ilininyima ruhusa ya kupasua, nami nimeambiwa wazi kwamba haitarudi. Najua ushuhuda hutarajiwa kuisha na ushindi. Mimi sina wa kuwaonyesha. Kuna asubuhi nakaa kitandani nikitazama mabati, kwa sababu hakuna anayeningoja mahali popote. Kupasua ndiyo kazi niliyoijua, na niliipenda kuliko nilivyowahi kumwambia mtu.

Nililopata ni dogo. Nina daktari sasa. Napanga foleni kama nyinyi, navua shati, napimwa. Dawa hunitulizia mkono kwa muda, halafu unaanza tena. Yule nesi huja kwetu Kianjai na ndizi za soko la Gakoromone, tunakaa kwenye veranda, na habari za thieta hatuzitaji. Kama si yeye, mkono huu ungemuua mtu, na mtu huyo angekuwa mke au dada wa mmoja wenu. Namshukuru, ingawa kumwambia bado kunanishinda. Namshukuru pia mke wangu. Kila asubuhi huniita, "Baba Kendi, leta hilo shati," kisha hunifunga vifungo huku akinisimulia habari za ng'ombe, ili nisione aibu. Aibu naiona hivyo hivyo.

Basi wewe unayehudumia wengine, uwe mwalimu, nesi au mchungaji: kaa chini mbele ya mtu akupime kama mgeni asiyekujua. Usikubali kutibiwa ukiwa njiani. Mimi nilikubali kwa sababu niliogopa jibu, na jibu lilinifikia tu.

Tukimaliza hapa mtatoka mkisalimiana, na nimeona siku hizi mnanipungia kwa mbali. Mnadhani mnanisitiri. Njooni mnipe mkono. Wangu utatetemeka ndani ya mkono wako, nawe utaona vibaya, utataka kuuachilia. Ushike kidogo.