Nyati Amerudi, Vioo Havirudi

Kama hukumjua Nyati wa mzee Kishindo, pole yako. Pikipiki pana, mipini kama pembe. Akiwashwa mtaa wa tatu, vikombe vya kijiweni vilicheza wenyewe. Kiwanda kikaacha kumtengeneza, pistoni ikafa, akalala. Ndipo wenzake Kishindo wakaja kuazima viungo kimoja kimoja, kwa ahadi ya kijiwe: vyote vitarudi siku kiwanda kitakapomtoa Nyati tena. Waliapa huku wakicheka. Leo redio imetangaza Nyati katoka upya, na Kishindo kafika kijiweni na spana mfukoni. Mkewe, aliyebebwa na Nyati siku ya harusi, kamwambia mlangoni: “Usirudi kwa miguu.”

— Jamani, pistoni zipo sasa. Leteni vitu vyangu.

— Vitu gani, kaka? aliuliza Wembe, kinyozi ambaye wateja wake hujitazama kwenye vioo vya Nyati.

— Hivyo hivyo unavyovijua.

— Yule wa redioni siyo Nyati, ni jina tu. Wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba.

— Haba na haba ndivyo mlivyommaliza!

— Usipandishe, mzee mwenzangu, alidakia Msumari, seremala ambaye mkokoteni wake unakwenda kwa magurudumu ya Nyati. Nasikia huyo mpya hana injini. Kafungwa spika, inanguruma tu.

— Na moshi?

— Ubani.

Muuza kahawa akaipangusa taa ya Nyati, inayoning'inia kwenye meza yake.

— Mie nasikia hata kiwanda hakuna. Wamechukua picha ya Nyati wako, wakaipaka rangi. Kwa hiyo aliyerudi ni wako, tukurudishie nini tena? Asiyekuwapo na lake halipo!

Wakaangua kicheko. Kishindo naye alicheka, kwa mazoea.

Vikombe vikaanza kucheza. Mwanamke mgeni alisimamisha Nyati mpya, mwekundu, akavua kofia ngumu.

— Shikamooni wazee. Nimeambiwa hapa kuna mwenye Nyati wa zamani. Natamani tuwawashe pamoja, wangurume. Yuko wapi?

Wembe alitazama kucha zake. Msumari alikohoa. Kishindo akainuka, na hapo mgeni akaona alichokuwa amekalia: kiti cha Nyati, kimepigiliwa misumari kwenye benchi. Hicho hakuna aliyekiazima. Alikitoa mwenyewe, wenzake wakae vizuri.

Muuza kahawa akalipindua birika.

— Kahawa imekwisha, jamani.

Kishindo akaishika njia ya nyumbani, kwa miguu.