Eliya Hakuwa Fundi Friji

Mchungaji, Mama yetu Veneranda, ndugu na majirani, nimesimama mimi Anton, kaka wa marehemu, dereva wa malori niliyefika Lubumbashi na Durban lakini sijafika mwisho wa kitabu hata kimoja, kuwasomea maisha ya msomi wetu.

Eliya alizaliwa hapa Usoke tarehe 11 Novemba 1979, akaanza shule ya msingi mwaka 1987, na akitoka darasani alichochea moto wa bani la kukaushia tumbaku, akigusa ukuta na kutaja joto bila kipimo, mimi mkubwa wake nikiwa nimesinzia kwenye kuni.

Alisoma sekondari Tabora mjini, akahitimu fizikia Dar es Salaam mwaka 2004, akapata shahada ya uzamivu Ujerumani mwaka 2011, akabaki huko maabara. Tarehe 9 Julai mwaka huo alifunga ndoa na Levina wa Kigwa, wakajaliwa Advera na Raymundi.

Mama aliponiuliza mwanawe anafanya kazi gani, nilijibu kwa uvivu wangu kwamba anashughulika na ubaridi, ni fundi friji. Habari ikaenea. Kila likizo alikuta friji mbovu zimepangwa uani, naye, msomi mzima, akalala chali akizifungua, wala hakunisuta.

Figo zilimrudisha nyumbani Agosti 2023. Wodini Kitete Mama aliwaambia madaktari, "Mtunzeni, wanangu, huyu ni fundi mzuri," Eliya akacheka hadi akakohoa, kisha akaninong'oneza, "Kaka, kazi hiyo uliniajiri wewe, na wewe ndiye utakayeniachisha, tena mbele ya Mama." Nikasema kesho. Alifariki Ijumaa tarehe 14 Machi 2025, saa nne asubuhi, kabla sijamwachisha.

Basi Mama, nisikilize. Eliya alichanganya gesi za aina mbili, akazipoza kupita baridi yoyote tuijuayo, mpaka chembe zake, ambazo kila moja ina mzunguko wake mithili ya pia wanayochezea watoto, zikaacha kwenda kivyakevyake, zikayumba kwa pamoja, mzunguko ukipungua kwa aina hii unaongezeka kwa ile, kisha unarudi. Aliutazama mwendo huo miaka kumi na miwili, akauandika, wenzake wa nchi nyingi wakausoma. Hiyo ndiyo kazi iliyokunyima mwanao, na mimi nikakupa friji badala yake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Kitete, majirani mliopika na kuchimba, na wenzake wa maabara waliotuma salamu.

Pumzika, mdogo wangu, kazi nimekuachisha, ila friji ya Mama bado inagandisha.