Chumba cha Vitendo Kilichofungwa kwa Jina la Kinyozi

Mgeni rasmi, mkuu wa chuo chetu, walimu wetu, na ndugu na jamaa mliotusindikiza,

Sisi wanafunzi wa darasa la jioni la misingi ya kompyuta tunawakaribisha kwa mikono miwili. Viti mlivyokalia tumeviazima kutoka darasa la ushonaji. Tulitamani kuwapokea katika chumba chetu wenyewe, lakini hilo tutalifikia. Kila jambo na mahali pake.

Anayekusomea ni mwenzetu mshonaji. Habari zake zimo humu, nasi tumeziandika kama za mtu mwingine ili azisome bila sauti kumkatika.

TULIKOTOKA

Mgeni rasmi, darasa hili lilianza na mashine mbovu zilizotupwa na ofisi za watu. Mwalimu wetu alizikusanya, akazipanga katika chumba cha mwisho cha jengo hili, akatuambia kompyuta haifundishwi kwa kuitazama usoni. Tukafungua vifuniko. Tukaijua prosesa, tukajua kumbukumbu inachomekwa wapi, diski inatunza nini na feni inampoza nani. Sisi ni watu wa kazi: karani, dereva, yaya, mpishi, muuza duka. Wengi wetu tulidhani ile skrini ndiyo kompyuta yenyewe. Mwalimu tukampa jina la Zima Kwanza, kwa sababu hilo ndilo neno lake la salamu na la kwaheri.

Miongoni mwetu alikuwapo kinyozi, mume wa mshonaji. Alikuwa mtu wa maneno mengi na mkono mwepesi. Alikuwa akisema kichwa cha kompyuta ni kama cha mteja, ukikishika vizuri kinatulia.

YALIYOTUPATA

Jioni moja mashine yake ilikataa kuwaka. Kinyozi akaichomoa ukutani, akaamini imekufa kabisa, akakifungua kile kisanduku cha chuma kinachopokea umeme na kuugawa. Mwalimu alikuwa upande wa pili akimwelekeza karani. Alipogeuka alipaza sauti, "Acha hicho!" Kidole kilikuwa kimeshagusa. Ndani ya kisanduku hicho mna kapasita, vifaa vidogo vinavyohifadhi umeme hata baada ya waya kuchomolewa. Umeme ule ulimrusha nyuma, kiwiko kikapiga ukingo wa meza ya chuma, kikavunjika. Mfupa uliunga. Vidole havikurudi vilivyokuwa. Hadi leo vinatetemeka, na mkono unaotetemeka haupeleki wembe shingoni mwa mtu.

Mshonaji alikuja darasani hata plasta ya mumewe haijatolewa. Hakupiga hodi.

"Nani mwalimu hapa?"

"Ni mimi, dada."

"Mume wangu anasema alichomoa waya. Wewe unasemaje?"

"Ni kweli, alichomoa."

"Sasa kitu kilichochomolewa kinampigaje mtu? Mnanifanya mtoto?"

Mwalimu hakujitetea. "Ukifunga bomba, dada, maji yaliyokwisha kuingia mtungini hayaondoki. Umeme uliompiga ulikuwa mtungini. Nami nilipaswa kuwa karibu naye. Sikuwa."

Tulingoja matusi. Mshonaji akavuta kiti, akaketi. "Nionyesheni huo mtungi."

Akaonyeshwa kwa mbali. Akakitazama sana kile kitu, kidogo kuliko kibiringo cha uzi, akaondoka bila kuaga. Jioni iliyofuata alirudi na kalamu, akakaa kwenye kiti cha mumewe. Kinyozi alikuwa amemuuliza nyumbani anakwenda kutafuta nini, naye akamjibu, "Siwezi kuishi na adui nisiyemjua sura."

Muda si mrefu ikaja amri kwamba chumba cha vitendo kifungwe. Mgeni rasmi, amri hiyo ilitoka katika ofisi yako, inayosimamia chuo hiki. Hatusemi ilikuwa mbaya. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mwenye dhamana ya watu hushtuka zaidi.

TULIYOYAFANYA MLANGO UKIWA UMEFUNGWA

Mwalimu alituchorea ubaoni, nasi tukanakili. Dereva akasema, "Hii ni kujifunza gari kwa picha ya usukani." Tulicheka, lakini hakuna aliyembishia.

Ndipo mshonaji akaushona ule ubao mkuu wa kompyuta, ambao vifaa vyote huchomekwa juu yake, kwa kitambaa cha jinzi kuukuu. Uzi mwekundu ni njia za umeme, wa buluu ni njia za data. Prosesa ni kifungo cha koti. Kumbukumbu zinaingia katika mifuko miwili myembamba. Kila mmoja wetu ameuvua na kuuvalisha mpaka mifuko imelegea. Na maelezo yake yalituingia kuliko mchoro wowote: prosesa ni fundi, kumbukumbu ni meza yake ya kukatia, diski ni kabati. Meza ikiwa finyu, fundi anashinda akiinuka kwenda kabatini, na mteja analalamika mashine nzito. Umeme ukikatika, cha mezani kimepotea, cha kabatini kipo. Tangu siku hiyo hata mpishi, ambaye alikuwa akivichanganya hivyo viwili kama chumvi na sukari, hajakosea tena.

Ubao huo umetundikwa nyuma yako, mgeni rasmi. Unafundisha mpangilio. Lakini haupati moto, haushiki vumbi, na pini zake hazipindi. Hakuna aliyejifunza kwake kidole gumba kikandamize kwa nguvu kiasi gani.

CHANGAMOTO

Mtihani wetu wa mwisho una sehemu ya vitendo. Kila mtu afungue mashine, atoe vifaa, avirudishe, aiwashe. Asiyeifanya sehemu hiyo hapati cheti, hata akijibu maandishi yote. Mtihani umekaribia. Baadhi ya wenzetu wamekwisha acha kuja.

Changamoto ya pili ni ya maneno. Imekuwa ikisemwa kwamba mlango umefungwa kwa kumheshimu kinyozi. Yeye siku hizi anakaa nje ya duka lake akipokea wateja, na kiti chake kinashikwa na mwingine. Maneno hayo yalipomfikia, alikwenda mwenyewe kwa mkuu wa chuo, mkewe akiwa naye.

"Mkuu," alisema, "mimi nimepoteza wembe. Msiwapokonye na hawa bisibisi, halafu mseme ni kwa ajili yangu. Msifunge mlango kwa jina langu."

Mkuu akamjibu kwamba amri haikuwa yake. Ndipo tulipokualika.

MAOMBI

Tunaomba fundi umeme akague chumba, aweke waya wa kupeleka ardhini umeme unaovuja, na swichi kuu iwe karibu na mlango. Tunaomba mwalimu wa pili, ili asiwepo mtu anayefanya kazi bila jicho la kumwangalia. Sisi kwa upande wetu tumejiwekea sharti: kisanduku cha umeme hakifunguliwi na mwanafunzi. Kikifa, kinatolewa kizima kizima na kingine kinawekwa.

Hayo yakiwa tayari, tunaomba chumba kifunguliwe.

Kinyozi naye ameomba kurudi. Hatazigusa mashine, anasema atasimama kwenye swichi. Walibishana na mkewe mbele yetu.

"Wewe utabaki nyumbani," mkewe alimwambia.

"Nibaki nikikungoja wewe urushwe? Mama, mimi najua kurushwa kulivyo."

Mshonaji alimsogezea kiti.

Mgeni rasmi, chumba ni cha mwisho mkono wa kulia. Msimamizi wa majengo yuko kati yetu, na tumemwomba aje na ufunguo, ukipenda walau kukitazama. Mola akurudishe salama kwa watu wako, akujalie afya, uamuzi wenye huruma, na mkono uliotulia.

Ni sisi,
Wanafunzi wa Darasa la Jioni, Misingi ya Kompyuta,
pamoja na kinyozi.